Sentensi Niliyoikata

Kalamu nyekundu nilikuwa nikijinunulia mwenyewe, na pengine ndiyo maana nilijiona nina haki ya kuitumia nipendavyo. Shule yetu ya Kianda, huko Kibera jijini Nairobi, haikuwa na fedha za kalamu. Ilikuwa vyumba vitatu vya mabati vilivyoegemea kanisa, na kanisa lenyewe siku za wiki lilikuwa chumba cha nne. Hakuna aliyekuwa ameisajili popote. Tulikuwa walimu wanne, kila mmoja na cheti chake cha kidato cha nne na mdomo wake, na kwa mdomo mimi nilikuwa nambari moja. Daftari likitoka mikononi mwangu, mwenyewe hakulitambua tena. Niliamini kwamba huko ndiko kufundisha.

Jumamosi nilikuwa mtu mwingine. Nilivaa sketi yangu nzuri na beji iliyoandikwa MWELEKEZI, nikaenda kuwazungusha wageni katika jumba dogo la makumbusho lililokuwa ndani ya nyumba ya kizamani karibu na Ngong Road. Halipo tena, mara ya mwisho kupita hapo palikuwa pakiuzwa magodoro. Lilikuwa na vyumba vitano vya vibuyu, vigoda, mikuki na ngozi, kila kitu na kadi yake ndogo: jina la kifaa, kabila, asili, matumizi. Kadi zote nilizijua kwa kichwa. Beji nayo niliipenda kupita kiasi. Niliivaa tangu nyumbani, Kawangware karibu na kituo cha 46, na sikuivua mpaka nimerudi na kupita mbele ya kila mlango wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga.

Msimamizi wa jumba hilo, mama mmoja mpole aliyekuwa amesomea ng'ambo, alikuwa na jambo lililomkera. Alisema makumbusho yake yanasema juu ya watu bila kuwauliza. Akaamua kuzialika shule za Kibera na Kawangware, hasa zile za mabati ambazo hazikuwa zimewahi kualikwa mahali. Kila shule ingeleta mtoto mmoja wa darasa la nane, na kitu kimoja kutoka kwao, na kadi aliyoiandika mwenyewe. Vitu hivyo vingewekwa pamoja na vile vingine, kwa heshima ileile. Na mtoto ambaye kadi yake ingependeza zaidi angelipiwa sekondari yote na wafadhili wa jumba.

"Maneno yawe ya mtoto mwenyewe," aliniambia, na kwa kuwa mimi ndiye niliyezifahamu shule hizo, alilirudia mara tatu. "Hata yakiwa na makosa. Hayo makosa ndiyo nayataka."

Nikaitikia kwa kichwa mara zote tatu.

Mtoto wa kupeleka nilimjua kabla hata sijatoka nje ya geti. Alikuwa msichana mwembamba, mtaratibu, aliyeandika herufi za mviringo zilizokaa kwenye mstari bila kusukumana. Alikuwa Mnubi pekee katika darasa letu. Wengine walikuwa watoto wa Wajaluo na Waluhya, watoto wa mafundi, vibarua na mama mboga, waliotoka kanisani Jumapili na kurudi kwenye jengo lilelile Jumatatu kusoma. Yeye alikuwa Mwislamu kutoka Makina, upande mwingine wa Kibera. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake aliuza mahamri karibu na kituo cha Olympic, kwa hiyo shule yetu ilikuwa njiani. Wakati wa maombi ya asubuhi alisimama nasi, akatulia, akangoja amina. Alikuwa wa kwanza katika kila mtihani isipokuwa mmoja, na siku hiyo alikuwa na malaria. Bila mfadhili angekomea darasa la nane. Mama yake alikuwa ameshaniambia hivyo, waziwazi, huku akinifungia mahamri kwenye gazeti.

Wenzake wakikosana naye walikuwa na neno moja tu. "Wewe rudi kwenu Sudan." Naye alikuwa na jibu moja. "Nirudi aje, na sijawahi enda?" Mimi nilisikia, na nikawaambia wote wanyamaze, yeye pia.

Wanubi wanajulikana Nairobi nzima. Ni uzao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, wakapewa kukaa Kibera ilipokuwa bado msitu. Hata jina Kibera ni la lugha yao. Hayo tunayajua. Ambalo huwa tunajitia kulisahau ni kwamba ilikuwa zamani sana, na kwamba hao tunaowaambia warudi walizaliwa hapo, na mama zao, na mama wa mama zao.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kujisahaulisha. Nilipokuja mjini kutoka kwetu Magharibi, kwa Waluhya, chumba changu cha kwanza kilikuwa Makina, kwa mama mmoja wa Kinubi mwenye nyumba ndefu ya udongo na mabati. Hakuwa mtu mbaya. Aliniletea chakula nilipougua, na mwezi wa Ramadhani hakuna jioni ambayo sahani yake haikunifikia. Lakini siku moja nilipigilia misumari ukutani ili nipate rafu ya vyombo, na kipande cha udongo kikaanguka upande wa pili. Alikuja akasimama mlangoni, akaniangalia mimi na nyundo yangu. "Hapa tumekukaribisha tu, binti yangu," alisema. "Sisi ndio watu wa hapa." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Mwisho wa mwezi nilihama, nikaenda Kawangware, nikawa natembea kila asubuhi kupitia Dagoretti Corner hadi Kianda, viatu vikiisha upande mmoja, kwa ajili ya sentensi moja.

Sasa nirudi kwenye kadi. Msichana alileta kifuniko cha sinia, kile cha kusukwa ambacho Wanubi wanakiita tabaga, cha mviringo, chenye miduara ya nyekundu, kijani na manjano. Kilikuwa kizuri mpaka darasa zima likaja kukizunguka. Pamoja nacho alileta kadi aliyoiandika nyumbani. Nimekaa na maneno yake kichwani muda mrefu kuliko sala yoyote niliyowahi kufundishwa:

"Hii ni tabaga. Ilisukwa na haboba wangu hapa Kibera, nyuma ya msikiti wa Makina. Haboba ni nyanya. Nyuzi nyekundu alifumua sweta ya shule ya baba yangu. Kijani ni sweta ya kununua soko la Toi. Tunafunikia chakula wageni wakikuja. Asili: Kibera. Sisi ni watu wa hapa."

Niliposoma mstari wa mwisho, sikio langu liliwaka moto.

Nilimwambia abaki baada ya masomo. Wenzake walitoka, tukakaa wawili kwenye benchi la kanisa, yeye, mimi na kalamu nyekundu.

"Hapa kwa asili umeandika Kibera," nikasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kitu cha makumbusho hakiwezi kutoka Kibera. Nani atatoka town kuja kuangalia kitu cha Kibera? Waambie mahali mlitoka."

"Lakini hatujatoka mahali, mwalimu. Haboba alizaliwa hapa. Mama yake pia alizaliwa hapa."

"Na kabla ya hapo?"

Akakigeuza kifuniko magotini.

"Na hii sweta uitoe. Makumbusho ni vitu vya kale. Watacheka wakisikia sweta."

"Ni ya baba."

"Unataka kwenda sekondari ama hutaki?"

"Nataka."

"Basi andika."

Nikampa kadi safi, nikamsomea maneno, naye akayaandika kwa zile herufi zake nzuri: kwamba kifuniko hiki ni cha watu wa Sudani, kwamba babu zetu walikuja nacho walipoingia Kenya kama wageni, kwamba kimesukwa kwa nyuzi za asili zilizotiwa rangi ya mizizi. Rangi ya mizizi niliitoa kwenye kadi ya ngozi fulani iliyokuwa chumba cha tatu. Aliandika pole pole, na kila alipofika mwisho wa mstari aliinua macho kuona kama nimebadilisha nia. Tulichukua saa nzima. Kwa miaka mingi niliwaambia watu, na kujiambia mwenyewe, kwamba nilifanya vile ili ashinde, na ni kweli nilitaka ashinde. Lakini ile sentensi ya mwisho sikuikata kwa ajili ya ushindi wowote. Niliikata kwa raha. Nilipitisha kalamu juu yake mara mbili, na nikajisikia nimemjibu mtu.

Ukweli ni kwamba alishinda. Msimamizi aliisoma kadi ile akashika kifua. "Hii ndiyo sauti tulikuwa tunatafuta," aliniambia, na mimi nikatabasamu. Kifuniko kikawekwa chumba cha kwanza, kikiwa na taa yake. Jumba likachapisha kipeperushi cha kukunja, chenye picha ya msichana ameshika kifuniko, na kando yake picha ya kadi yenyewe, mwandiko wake kamili.

Siku ya kutoa zawadi haboba alikuja, amejifunga nguo zake za sherehe, anatembea kama mwenye jumba. Hakuwa anajua kusoma. Alisimama mbele ya kadi akamwambia mjukuu wake amsomee, na msichana akamsomea kwa Kinubi, kidole kikifuata mistari. Kinubi sikijui, lakini Kibera nikisikia naijua. Nilisikia Kibera mara mbili, na nikasikia sweta, na nikamwona yule bibi akicheka na kujipangusa macho kwa pembe ya shuka. Kwenye kadi hapakuwa na Kibera wala sweta. Msichana alikuwa akimsomea ile kadi ya kwanza. Haboba akaomba kipeperushi, akakikunja, akakiweka kifuani.

Ningeweza kusema kitu siku ile. Msimamizi alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, na soda mkononi. Badala yake nilikula keki.

Baada ya hapo mambo yalininyookea. Msichana alikwenda shule ya bweni, na mimi mwaka uliofuata nikaajiriwa na jumba kwa wiki nzima, kuwa mtu wa shule. Niliacha chaki. Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa watoto waje kusema kwa maneno yao wenyewe, na mfano niliowapa walimu wao, kila mara, ulikuwa kadi ya kile kifuniko. Likizo zilipofika msichana alikuja kunisalimia Kawangware, na mahamri ya mama yake kwenye mfuko. Hakuwahi kuigusia kadi. Mimi pia sikuigusia. Tuliongea juu ya hesabu.

Alimaliza kidato cha nne vizuri, akaitwa chuo cha ualimu. Nilipoiona barua nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Alisema anataka kurudi kufundisha shule kama yetu ya Kianda, ila yeye awe na cheti chenyewe. Nilijua ananitania, na nilicheka.

Barua ilisema aripoti na kitambulisho. Wenzake wa darasa la nane, wale wa "rudi Sudan", walikuwa wameshapata vipande vyao, ndivyo tuviitavyo vitambulisho: unapeleka cheti cha kuzaliwa na kipande cha mzazi, unachukuliwa alama za vidole, unangoja. Yeye aliambiwa kwamba kwa Wanubi ni lazima kwanza kufika mbele ya kamati, na karatasi, kuthibitisha kwamba ni Mkenya. Akaniomba nifuatane naye na ami yake, mdogo wa baba yake, niwe shahidi. Mwalimu aliyemjua tangu mdogo angesaidia, alisema. Nikavaa beji.

Ilikuwa asubuhi, chumba chenye meza moja ndefu na wanaume watatu nyuma yake. Ami alikuwa amebeba faili la kadibodi ambalo ungedhani lina mtoto mchanga ndani. Alitoa karatasi moja moja: ya babu kuachishwa jeshi, cheti cha kuzaliwa cha msichana, kipande cha marehemu baba, vyeti vya shule, barua ya chuo. Mwanaume wa katikati alizipitia bila kusema. Halafu ami, kwa fahari, akatoa cha mwisho, kilichofungwa kwa nailoni.

"Na hii, mzee, ni ya makumbusho," alisema. "Mama yangu amesema isisahaulike. Imeandikwa sisi ni watu wa Kibera."

Ilikuwa kile kipeperushi. Haboba alikuwa amekihifadhi miaka yote ile kama hati ya kiwanja, kwa sababu aliamini kinasema alichosomewa. Ami hakuwa amekisoma. Mama yako akikwambia karatasi inasema nini, utaanza kumhakiki? Nilimwona msichana akiinua mkono kidogo, akitaka kukichukua, lakini kilikuwa kimeshafika mezani.

Mwanaume wa katikati alikifungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Alisoma vizuri. "'Kifuniko hiki ni cha watu wa Sudani. Babu zetu walikuja nacho walipoingia Kenya kama wageni.'" Akavua miwani. "Haya maneno ni ya nani?"

Ami akainama kukitazama kipeperushi.

Msichana aligeuka akaniangalia. Hakuniangalia kwa lawama, ningeelewa lawama. Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia darasani alipokuwa na hakika kwamba jibu ninalo na sasa hivi nitalitoa.

Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Niliisoma mabati, nikasoma misumari, nikasoma saruji. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria msimamizi akisikia kwamba ile sauti aliyoitafuta ilikuwa yangu, na watoto wote waliokuja baadaye, na wafadhili, na ile beji iliyokuwa kifuani mwangu wakati huohuo. Yote hayo niliyafikiria haraka sana. Mtu mwoga ana akili ya haraka.

"Ni yangu," msichana alisema. "Niliandika nikiwa mtoto."

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo."

"Basi wewe mwenyewe umesema mlikuja wageni. Sisi tutasema nini?" Akanigeukia. "Na wewe, madam? Wewe ndiye mwalimu. Unasema nini?"

"Ni msichana mwenye nidhamu," nikasema.

Wakaandika hilo. Wakamwambia alete karatasi za kuzaliwa za babu wa babu, karatasi ambazo hakuna mtu yeyote Kenya hii aliye nazo, mimi nikiwa wa kwanza kutokuwa nazo. Mimi sikuwahi kuulizwa za babu wa babu yangu. Kipande changu nilikipata kwa ushahidi wa mjomba aliyechelewa kufika na kusinzia kwenye foleni.

Jumapili alikuja kwangu, peke yake. Nilikuwa ndio nimetoka kanisani. Nilimtengenezea chai, nikaisifia hali ya hewa, nikamwuliza habari za kila mtu wa kwao hadi watu wakaisha.

"Mwalimu," alisema, "kamati inakaa tena Alhamisi. Mzee mmoja kule alituambia nje kwamba ukileta barua, useme yale maneno ulinipatia wewe, wanaweza kuitoa ile karatasi kwa faili. Wakiitoa, zile zingine zinatosha. Chuo wananingojea hadi mwisho wa mwezi. Baada ya Alhamisi kamati haikai tena hadi mwezi mwingine."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Hata ikiwa ni sentensi moja."

"Nitakuletea kabla ya Alhamisi," nikasema, na nilipokuwa nikisema nilimaanisha. Alikunywa chai yake yote, akaosha kikombe, akaenda.

Jumatatu niliandika nikachana. Jumanne nikaandika barua ndefu juu ya faida za elimu kwa mtoto wa kike, nikaiona haina sentensi aliyoitaka. Kila nilipofika pale pa kusema mimi, mkono uliona kazi nyingine. Niliwaza: barua ikiwa ofisini, nani atajua itakwenda wapi? Mtu akimpigia simu msimamizi? Jumatano niliumwa na kichwa, na kiliniuma kweli, nashukuru. Alhamisi asubuhi, saa ambazo msichana alikuwa amesimama nje ya ile ofisi akiangalia njia nitakayotokea, mimi nilikuwa chumba cha kwanza cha makumbusho na watoto wa shule moja ya Kawangware. Mmoja wao alinyoosha kidole kwenye kifuniko akauliza kile ni nini. Nikawasomea kadi, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti yangu ya kazi. Nikawaambia wasikilize vizuri, kwa sababu haya ni maneno ya mtoto mwenyewe.

Niliseme hili sasa, nisije nikalitumia mwishoni kujituliza: kitambulisho alikipata, lakini mwaka uliofuata, baada ya kurudi mbele ya kamati sijui mara ngapi. Chuo hakikungoja. Nafasi yake alipewa mtu mwingine, na sina shaka alikuwa mtu mzuri, mwenye kipande.

Barua niliipeleka Jumanne baada ya ile Alhamisi. Nilifika Makina mchana. Haboba alikuwa amekaa ndani karibu na mlango, anafumua sweta ya bluu, akanikaribisha kwa furaha, akasema mwalimu amekuja, mwalimu wa makumbusho. Akataka niletewe chakula. Nilisema nimeshiba, na sikuwa nimekula tangu asubuhi. Msichana alitoka nje akanikuta kwenye ngazi. Alipokea barua akaisoma amesimama. Nilikuwa nimeandika kwamba mimi, mwalimu wake wa zamani, nilimsaidia mwanafunzi huyu kuandaa kadi, na kwamba bila kukusudia nilibadilisha baadhi ya maneno yake.

Akaisoma tena.

"Mwalimu, hii 'bila kukusudia' umeitoa wapi?"

"Ni lugha ya barua tu," nikasema. "Ndivyo huandikwa."

"Lakini ulikusudia. Ulinikalisha saa nzima."

Alisema pole pole ili haboba asisikie. Hata hapo alikuwa akinisitiri. Nilitamani anipigie kelele. Nilikaa kwenye ngazi ile ya udongo, nikaomba karatasi, akaniletea daftari lake la shule na kitu cha kuandikia. Niliandika kwamba nilikusudia. Niliandika maneno yake ya kwanza yote, niliyokuwa nayakumbuka neno kwa neno: msikiti, sweta ya baba, wageni, watu wa hapa. Niliandika kwamba alikataa na nikamlazimisha. Mkono haukutafuta kazi nyingine. Ilichukua muda mfupi sana, na nilipomaliza nikashangaa jinsi ilivyo fupi.

Aliisoma, akaikunja, akaishika.

"Asante," alisema. Hakuwa na kejeli. Halafu akaiangalia tena ile karatasi iliyokunjwa. "Mwalimu, nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Kama ningekuwa Mluhya mwenzako, hii barua ingekuchukua siku ngapi?"

Nilianza kusema juu ya kazi, juu ya kichwa, juu ya wageni wa Alhamisi. Alingoja nimalize, kwa adabu, kama alivyokuwa akingoja amina. Nikaacha katikati. Ningeiandika Jumapili ileile, mezani kwangu, kabla chai yake haijapoa, na yeye alilijua hilo kabla hajauliza.